Kukandamiza Kifua cha Mtoto Aliyeacha Kupumua
Mazungumzo na watumiaji wa huduma, Wilaya za Tarime na Serengeti



Huenda baadhi yenu mmejiuliza kwa nini ofisi inayoshughulika na haki za mtumiaji, ambayo mmezoea kuisikia ikizungumzia mizani ya dukani, bidhaa zilizokwisha muda na ankara za maji, imekuja leo kuzungumzia kifua cha mtoto. Sababu ni mbili. Kwanza, maji ni huduma, na maji yale yale tunayoyadai kila siku, yakisogezwa karibu na nyumba bila mfuniko wala uzio, huwa hatari kwa mtoto anayejifunza kutembea. Pili, mafunzo ya huduma ya kwanza sasa yanauzwa. Shule, hoteli na vikundi vya akiba hulipia mafunzo hayo, hupokea vyeti, na wakati mwingine mwenye cheti hajawahi hata kupiga magoti mbele ya mwanasesere wa mazoezi. Mnunuzi asiyejua bidhaa nzuri ikoje hawezi kuidai. Kwa hiyo tutaeleza kwanza jambo lenyewe, kisha tutarudi kwenye namna ya kulinunua.

Wilaya hizi mbili zimetenganishwa na Mto Mara, unaoanzia katika misitu ya Mau nchini Kenya, ukapita katika hifadhi za pande zote mbili za mpaka na kuishia Ziwa Victoria. Lakini mto mkubwa si mahali pekee pa kuogopwa. Yako malambo ya kunyweshea ng'ombe, ambako vijana wachungaji huoga jua likiwa kali. Liko Bwawa la Manchira linalohudumia mji wa Mugumu. Yako mashimo yaliyoachwa na wachimbaji, ambayo masika huyajaza maji mpaka mdomoni. Na iko ndoo ya lita ishirini nyuma ya nyumba. Mtoto wa mwaka mmoja akitumbukia kichwa chini katika ndoo hiyo hawezi kujiinua, kwa maana kichwa chake ni kizito kuliko nguvu ya mikono yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5.

Sasa tufikirie umbali. Mtoto akitolewa majini katika kijiji cha ndani, gari la wagonjwa litatoka Tarime mjini au Mugumu, kwa barabara ambayo wakati wa mvua ninyi mnaijua kuliko sisi. Ubongo usiopata hewa huanza kuharibika katika dakika chache, takriban nne hadi sita. Hakuna gari katika mkoa wowote wa nchi hii litakaloshinda mbio hizo kwa kutegemewa. Anayeweza kuzishinda ni mtu aliyesimama pale pale: shangazi aliyekuja kuchota maji, mchungaji wa miaka kumi na sita, dereva wa bodaboda aliyekuwa akipita.

Kabla hatujafika kwenye mikono, ni lazima tueleze jinsi moyo wa mtoto unavyosimama, kwa sababu asiyeelewa hilo atakosea mengine yote. Mtu mzima aangukaye ghafla, mara nyingi moyo wake ndio ulioharibika. Damu yake bado ina hewa ya kutosha kwa muda mfupi, na kukandamiza kifua pekee kunaweza kumsaidia. Mtoto sivyo. Moyo wake kwa kawaida ni mzima. Kilichokosekana ni pumzi: amezama, amepaliwa na punje ya hindi, ana homa kali ya mapafu. Hewa katika damu hupungua, moyo hupiga polepole kama taa inayoishiwa mafuta, kisha husimama. Ndiyo maana mtoto huhitaji vitu viwili kwa pamoja, pumzi na kukandamizwa kifua, na ndiyo maana kwa mtoto aliyezama pumzi hutangulia. Aliyesikia redioni kwamba siku hizi kupuliza si lazima, amesikia habari za mtu mzima aliyeanguka barabarani.

Mtoto akitolewa majini, mlaze chali mahali pagumu. Ardhi inafaa, godoro halifai, kwa kuwa ukikandamiza litabonyea godoro badala ya kifua. Mwite kwa jina na umgusegushe bega. Mchanga mpige kidogo kwenye nyayo. Tazama kifua chake, kwa muda usiozidi sekunde kumi. Kama hapumui, au anavuta hewa moja moja kwa kukoroma, mithili ya samaki aliyetolewa majini, hesabu kwamba hapumui. Mkoromo huo umewadanganya wengi, wakakaa kumtazama wakidhani anarudi.

Ondoa tope au majani unayoyaona mdomoni, lakini usichokoe koo kwa kidole usichokiona kinakokwenda, maana utasukuma ndani kilichokwama. Inua kidevu chake. Mtoto mkubwa, kichwa kielekee nyuma kidogo, kama mtu anayenusa chakula jikoni. Mchanga, uso wake utazame juu tu, bila kupinda shingo. Mbane pua, funika mdomo wake kwa mdomo wako, umpulizie taratibu kwa sekunde moja mpaka uone kifua kinainuka. Kwa mchanga, mdomo wako ufunike mdomo na pua yake kwa pamoja, na pumzi iwe ndogo, ile inayojaa mashavuni tu. Miongozo ya Ulaya inaanza na pumzi tano, ya Marekani inaanza na mbili. Msigombane kwa hilo ufukweni. Sisi tunawashauri tano, na aliyefundishwa mbili aendelee na mbili. Kifua kisipoinuka, rekebisha kichwa ujaribu tena.

Akiwa bado hajarudi, anza kukandamiza. Mahali ni katikati ya kifua, juu ya nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Si juu ya tumbo, wala si upande wa kushoto ambako wengi hudhani ndiko moyo uliko. Kwa mtoto wa mwaka mmoja na zaidi, weka sehemu ya chini ya kiganja, ile iliyo karibu na kifundo cha mkono. Mkono mmoja ukitosha, utumie huo mmoja. Mtoto akiwa mkubwa au wewe mwenyewe ukiwa na mwili mdogo, weka wa pili juu yake. Kiwiko kinyooke, bega liwe juu ya mkono, na nguvu itoke katika uzito wa mwili, sio katika misuli ya mkono, kwani misuli itachoka kabla ya dakika mbili.

Kifua kishuke kwa theluthi ya unene wake. Kwa mtoto hiyo ni kama sentimita 5, ambayo ni takriban urefu wa kisanduku cha kiberiti. Kwa mchanga ni kama sentimita 4, yaani kupita kidogo upana wa kisanduku hicho hicho. Tunajua mtakavyoogopa. Mkono wa mzazi hukataa kubonyeza kifua cha mwanawe kiasi hicho, na kosa linalotokea zaidi ni kukandamiza kwa woga, juu juu, kifua kikatikisika tu bila kusukuma damu. Mbavu za mtoto ni laini, hukunjika na kurudi; ni nadra kuvunjika. Na mtoto ambaye moyo wake umesimama hana jeraha ambalo mkono wako unaweza kumwongezea likawa baya kuliko hali aliyo nayo.

Kila ukishuka, acha kifua kiinuke chote kabla ya kushuka tena, bila kuondoa mkono mahali pake. Moyo hujaa damu wakati wa kuachia, kama sponji inavyonywa maji ukiiachia. Anayeegemea kifua muda wote anakamua sponji isiyo na maji.

Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, karibu mara mbili kila sekunde. Hapa lugha yetu ina mtego mdogo ambao vitabu vya wageni haviutaji. Ukihesabu moja, mbili, tatu hadi kumi, maneno ni mafupi na mkono unakwenda vizuri. Ukifika kumi na moja, kumi na mbili, ishirini na tatu, ulimi unachelewa na mkono unachelewa pamoja nao. Basi hesabu moja hadi kumi mara tatu. Hizo ni thelathini, na hazipaswi kuzidi sekunde kumi na nane. Kisha pumzi mbili, kisha thelathini nyingine. Wahudumu wa afya wawili wakiwa pamoja hukandamiza kumi na tano kwa pumzi mbili; mtu wa kawaida abaki na thelathini, asije akapoteza hesabu.

Kuhusu mtoto wa chini ya mwaka mmoja, kuna mabadiliko ambayo baadhi ya walimu wa huduma ya kwanza bado hawajayapata. Kwa miaka mingi tulifundishwa kumkandamiza kwa ncha za vidole viwili. Vidole hivyo huchoka upesi na havifikii kina. Miongozo ya Shirika la Moyo la Marekani ya mwaka 2025 imeiondoa njia hiyo kabisa, na imebaki na mbili: kumzungushia mikono yote miwili kifuani, vidole vikiwa mgongoni na vidole gumba viwili vikikandamiza mbele, au kutumia sehemu ya chini ya kiganja kimoja. Aliye peke yake na anayepaswa kupuliza pia ataona kiganja kimoja ni chepesi zaidi. Mwalimu akiwafundisha vidole viwili mwaka huu, mwulizeni kwa adabu kitabu chake ni cha mwaka gani.

Tuseme sasa juu ya mambo yanayofanyika kandoni mwa maji kwa nia njema. Kumning'iniza mtoto miguu juu na kumtikisa. Kumlaza tumbo juu ya mtungi au mgongoni mwa mtu anayekimbia. Kumbinya tumbo ili maji yatoke. Maji mengi yanayotoka hivyo ni ya tumboni, si ya mapafuni, na yakipanda yanaweza kuingia mapafuni yakiwa na chakula. Dakika mbili za kumning'iniza ni dakika mbili bila pumzi. Hatuwalaumu wazee wetu waliofanya hivyo. Hata vitabu vya tiba vya Ulaya vya karne zilizopita vilifundisha kuwabiringisha waliozama juu ya mapipa, na kukandamiza kifua kwa mikono kama tunavyokujua leo kulielezwa na madaktari wa Baltimore, Marekani, mwaka 1960 tu. Mtoto akitapika katikati ya kazi, mgeuze ubavu, futa mdomo, mrudishe uendelee. Povu linalotoka mdomoni lisikusimamishe.

Mkiwa wengi, mmoja apige simu mara moja: 112 kwa dharura, au 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mwingine atafute gari, mwingine awazuie watu wasisonge. Ukiwa peke yako na simu unayo, iweke sauti ya juu chini kando yako, uzungumze huku mikono ikifanya kazi. Ukiwa peke yako na simu huna, usimwache mtoto kukimbilia msaada kwanza. Mfanyie kazi kwa dakika mbili, kisha ndipo utoke, na kama ni mdogo wa kubebeka umbebe. Wanaokandamiza wapokezane kila dakika mbili, hata kama anayekandamiza anasema hajachoka. Mkono huchoka kabla ya mwenyewe kujua.

Pikipiki ni neema katika vijiji vyetu, lakini juu ya pikipiki hakuna mtu awezaye kukandamiza kifua. Mtoto asiyepumua akipakiwa kati ya dereva na mzazi, safari nzima ni safari isiyo na pumzi. Afadhali kuendelea pale pale chini huku gari likitafutwa, na likija, alazwe sakafuni mwa gari kazi iendelee. Mtoto aliyezinduka na anayepumua vizuri ni jambo jingine. Huyo alazwe ubavu, avuliwe nguo zilizolowa, afunikwe khanga kavu au blanketi, na apelekwe hospitali hata kama anacheka na kuomba uji. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kubadilika saa kadhaa baadaye.

Kwa kuwa tuko katika ukanda wa ziwa, ambako radi hazituachi, tuongeze neno moja. Mtoto aliyepigwa na radi hana umeme mwilini. Mguse, mfanyie kazi ile ile. Aliyeshikwa na umeme wa waya ndiye asiyeguswa kabla umeme haujakatwa.

Mtoto anayezaliwa leo ni habari ya pekee, na hapo mtumiaji ana la kuuliza. Mtoto asiyelia baada ya kuzaliwa kwa kawaida hahitaji kukandamizwa kifua. Anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na akikawia kupumua, kupewa hewa kwa mfuko na barakoa ndogo ndani ya dakika ya kwanza. Kuanzia mwaka 2009, hospitali 8 za Tanzania ziliwafundisha wakunga wao kazi hiyo kwa wanasesere, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Haukuwa utafiti wa mashine mpya wala dawa mpya. Mjamzito anayehudhuria kliniki ana haki ya kuuliza, tena bila ukali: je, chumba cha kujifungulia kina mfuko na barakoa ya mtoto mchanga, na aliye zamu usiku anajua kuutumia? Namba 115, ambayo ni ya bure, iliwekwa kwa usafiri wa dharura wa wajawazito na watoto wachanga, iandikeni ukutani.

Turudi sokoni. Mwaka huo huo wa 1960 mtengenezaji wa vinyago wa Norway, Asmund Laerdal, ambaye mwanawe aliponea chupuchupu kufa maji, alitoa mwanasesere wa kwanza wa ukubwa wa mtu kwa ajili ya mazoezi haya. Alielewa kwamba mikono haijifunzi kwa kusikiliza. Basi kikundi au shule ikitaka kununua mafunzo, swali la kwanza lisiwe bei wala cheti. Ulizeni: kuna wanasesere wangapi, na kuna wa mtoto mchanga? Kila mshiriki atakandamiza kwa dakika mbili kamili? Mwalimu atafundisha kupuliza, au kukandamiza pekee? Mafunzo haya yatarudiwa lini? Ujuzi wa mikono hufifia ndani ya miezi, na cheti cha miaka miwili bila marudio ni karatasi nzuri ya kutundika. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hutoa mafunzo haya, na wapo wengine, linganisheni. Wenye hoteli za watalii zenye mabwawa ya kuogelea, na waajiri wote, wakumbushwe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawataka wawe na maandalizi ya huduma ya kwanza. Mzazi anayelipia mtoto wake aogelee hotelini ana haki ya kuonyeshwa ni nani kati ya wahudumu anayejua kazi hii. Akijibiwa kwamba mlinzi yupo getini, amekwisha kupata jibu.

Na mkifika kituo cha afya na mtoto wa dharura, apokewe kwanza, maelezo na karatasi vifuate. Sera ya Afya ya mwaka 2007 iliwaondolea malipo watoto wa chini ya miaka 5 katika vituo vya umma. Anayedaiwa kabla mtoto hajaguswa amwombe mganga mfawidhi, na aandike saa na tarehe. Lalamiko lenye saa na tarehe husikilizwa.

Hapa mbele kuna wanasesere watatu, wawili wa mtoto na mmoja wa mchanga. Tutaanza na walioketi upande wa mlangoni, wawili wawili, mmoja akandamize na mwenzake ahesabu kwa sauti, moja hadi kumi mara tatu. Anayesoma haya nyumbani aviringishe blanketi gumu na kulifunga kwa kamba, apige magoti sakafuni, ajaribu dakika mbili kwa saa. Asijaribu juu ya mtoto mzima anayepumua, hata kwa mzaha. Akina mama wenye watoto mgongoni, wapeni jirani wawashikie kwa muda huu.